Nkambo Hanywi Maziwa

Maziwa ya mbuzi yakichemka hutoa harufu ya manyoya yaliyolowa, moshi wa makaa, na utamu mdogo unaokuja mwishoni kana kwamba unaomba radhi kwa hivyo viwili vya kwanza. Niliisikia tena mwezi uliopita jikoni kwa rafiki yangu tuliyesoma naye chuo kikuu. Mtoto wake wa kwanza alikuwa ametokwa na vipele baada ya kupewa maziwa ya ng'ombe, na jirani akamshauri ajaribu ya mbuzi. Niliepua sufuria kabla hata sijamsalimia.

Tumefika umri huo sasa. Wenzangu wanazaa, na kila mmoja ana jirani, wifi au simu inayomwambia kwamba maziwa ya mbuzi ni mepesi, hayana neno, ni dawa. Mimi hubisha karibu kila kitu. Nyumbani wananiita wakili asiye na mteja. Lakini hili silibishi kwa kupenda kubisha. Nililiona kwenye uso wa mdogo wangu nilipokuwa bado nasoma shule ya msingi.

Tulikuwa tukikaa Ruashi, mtaa wa mji wa migodi kusini mwa Katanga, katika nyumba ambayo Papa alikuwa bado anaijenga: vyumba viwili vilikuwa na bati, cha tatu kilikuwa na anga. Kila walipolipua mwamba mgodini, sahani zilitikisika kabatini na Mama akaacha kuongea mpaka zitulie, kisha akaendelea na sentensi yake pale pale alipoiachia. Mama alikuwa mwalimu. Sentensi zake zilifika mwisho, lolote litokee.

Kwetu, sisi Waluba ambao wazazi wetu walishuka kutoka kaskazini mwa Katanga kufuata kazi ya reli na ya migodi, mtoto hapewi jina tu. Anapewa mtu. Mdogo wangu alipozaliwa aliitwa Ilunga, jina la baba yake Papa, nkambo wetu, ndivyo tunavyomwita babu. Nkambo Ilunga alikuwa ametumika maisha yake yote katika karakana ya reli, na alikuwa amefariki muda mfupi kabla mtoto hajazaliwa. Tangu hapo Papa hakumwita mwanawe kwa jina, alimwita "Papa". Dada mkubwa wa Papa, Tantine Rejina, alimwita "Baba" na kukunja magoti kidogo kabla ya kumbeba, kama anavyosalimiwa mzee.

Mimi nililipokea jambo hili jinsi lilivyosemwa. Niliamini kwamba ndani ya yule mtoto asiye na jino hata moja kulikuwa na mzee mzima, anayetusikia, anayejua ni nani aliyekula sukari kabatini, na kwamba alikuwa kimya kwa sababu moja tu: alisubiri meno ndipo aseme. Tukiwa wawili nilimwuliza kwa adabu, "Nkambo, huko ulikotoka watu wanakula nini?" Alinijibu kwa kutoa povu la mate. Niliona ananificha.

Taabu ilianza Mama aliporudi kufundisha. Mtoto alikuwa ameshaanza kukaa, na zile asubuhi ambazo titi halikuwepo alipewa uji wa mahindi uliochanganywa na maziwa ya unga, ya ng'ombe. Siku ya kwanza alitokwa na madoa mekundu kuzunguka mdomo. Madoa yakashuka shingoni, sikio moja likavimba, kisha akatapika uji wote kwenye mapaja ya msichana wa jirani aliyekuwa akimlisha. Mama alijaribu tena baada ya siku chache, kidogo tu, akiwa amemshika mwenyewe. Ikawa vile vile. "Ni haya maziwa," alisema, akafunga kopo.

Kama ingeishia hapo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini siku ya Mungu, yaani Jumapili, ikafika, na Tantine Rejina naye akafika. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama, mkoba bado begani.

"Munamupa Baba maziwa ya ngombe?" alisema. "Ninyi ni bantu gani? Baba hakunywaka maziwa hata siku moja! Tuko batoto ku meza, anasukuma kopo: 'Miye hapana. Kunyweni.' Kila siku vile. Leo munamulazimisha juu hana kinywa ya kusema?"

"Ni maziwa ya unga, Tantine, si—" alianza Mama.

"Ngombe ni ngombe. Baba alikomea na mbuzi kule kwetu. Muletee mbuzi, mutaona." Kukomea, kwetu, ni kukua.

Papa alimtazama Mama, akamtazama dada yake, akaenda kutazama ukuta wa chumba kisicho na bati. Wiki ile ile mbuzi jike aliyezaa karibuni aliletwa kutoka Kasungami, pembezoni mwa mji, na kitoto chake, akafungwa kwenye rundo letu la matofali.

Ni vigumu kueleza kioja kile kwa mtu asiyetoka kwetu. Mbuzi tunamla, sikukuu bila mbuzi wa kuchoma si sikukuu. Lakini kumkamua! Majirani walikuja kuchungulia juu ya ukuta. "Ruashi yote imeshangaa," alisema mmoja wao, mama aliyeuza makaa. "Leo munakamua mbuzi, kesho mutakamua kuku?" Tantine, ambaye alikuwa amebaki kwetu, hakucheka. Alikamua ameuma midomo, akachemsha maziwa juu ya mbabula, lile jiko letu la makaa, na harufu ile ikaingia kwenye nguo zangu za shule na kukaa humo.

Alianza na kijiko kimoja ndani ya uji. Mtoto alitokwa na wekundu kidogo mdomoni, makamasi yakamtiririka, tumbo likalegea. "Anazoea," alisema Tantine. "Muzee ametoka mbali." Niliona ni maelezo ya maana. Mimi mwenyewe nilipohamia shule mpya tumbo lilinilegea. Mama aliona ule wekundu jioni akasema hapana, yatosha. Tantine akasema kijiko si maziwa. Wakabaki hapo, kila mmoja akiwa na lake.

Kisha ikaja siku ambayo Mama alichelewa kutoka shuleni, na Tantine akampa kikombe kizima, chenye sukari. Mtoto alikipenda. Alikishika kwa mikono miwili, akanywa macho yakiwa juu, na Tantine akapiga makofi polepole akisema, "Eeh, Baba! Eeh, Baba!"

Kilichofuata nilikitazama nikiwa nimekaa kwenye kigoda mbele yao. Midomo ilianza kunenepa. Kope za macho zikajaa, macho yakazama ndani ya nyama. Ngozi yote ikawa na mabonge. Akakohoa, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtoto. Ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, sauti ya mtu aliyevuta tumbaku miaka mingi. Mbele yangu uso ule ulizeeka. Nami sikuogopa. Hilo ndilo jambo ninalolikumbuka zaidi kuliko mengine yote: nilisogea karibu, kwa sababu niliamini mzee alikuwa hatimaye anatokea, na nilitaka kuwa wa kwanza kumsikia.

Mama aliingia uani wakati ule. Hakuuliza kitu. Alimnyakua mtoto, ambaye shingo yake ilikuwa imeanza kulegea, akakimbia naye barabarani, akapanda pikipiki ya kwanza huku akiwa na kiatu kimoja. Kiatu kingine kilibaki katikati ya ua, na mbuzi akakinusa.

Kituo cha afya hakikuwa mbali, na daktari, mama mmoja kijana, alikuwepo. Alimchoma sindano pajani na kukaa naye mpaka pumzi ikarudi. Wangechelewa kidogo tu, alimwambia Mama, wangekuwa wanaongea mambo mengine. Alikataza maziwa ya ng'ombe na ya mbuzi pia, na chochote kilichotengenezwa nayo, mpaka mtoto atakapopimwa akiwa mkubwa zaidi.

"Banaita ile alerji," Mama alitueleza jioni ile, mtoto akiwa amelala kifuani pake. "Mwili yake inakatala kitu fulani mule mu maziwa. Na kitu ile iko mu ya ngombe, iko mu ya mbuzi."

Nilikuja kuisoma habari hiyo vizuri baadaye, chuoni, kwa hasira ya mtu anayetafuta jina la aliyemgonga ndugu yake. Maziwa yana protini, na kundi kubwa kati yake linaitwa kazeini. Mwili wa mtoto mwenye mzio umefanya kosa: umeiona protini ya chakula kuwa adui, ukatengeneza askari wa kuitambua. Sasa kazeini ya mbuzi na ya ng'ombe zinafanana mno, kama ndugu wawili waliovaa sare moja, na askari wale hawaulizi mnyama aliyekamuliwa alikuwa na pembe za namna gani. Kwa hiyo mara nyingi mtoto anayeumizwa na moja ataumizwa na nyingine. Kuchemsha hakumwokoi, kwa kuwa kazeini huvumilia moto. Na wanaosema maziwa ya mbuzi ni mepesi tumboni wanaongea juu ya jambo jingine kabisa; tumbo linalouma kwa sukari ya maziwa si mwili unaopigana na protini yake. Haya ninaweza kuyasema leo. Siku ile nilikuwa na sentensi ya Mama tu, na sikuwa na uhakika kama mzee aliye ndani ya mtoto aliielewa.

Tantine Rejina hakuipinga. Hakuwa mjinga; alirudi kwake, na tulisikia kwamba kwa siku kadhaa hakula. Lakini aliporudi alikuwa na maelezo mapya, na yalikuwa mabaya kuliko yale ya kwanza. Munganga, yaani yule daktari, alikuwa amesema kweli, alisema: mwili wa mtoto ulikuwa unakataa. Ila ulikuwa unakataa kwa sababu Baba alikuwa amekasirika. Alipewa mtoto huyu bila kuulizwa, ndiyo maana alikuwa akiyasukuma maziwa kama zamani mezani. Basi tubadilishe jina. Mtoto apewe baba mdogo wa Nkambo, aliyeishi Kilwa, ile ya kwetu Katanga kando ya ziwa, na kula kila kilichowekwa mbele yake. Siku ya Mungu jamaa watakutana, jina litabadilishwa, na mtoto atapewa kikombe cha maziwa ya mbuzi mbele ya wote, ili ionekane kwamba mambo yamekwisha.

Papa alisema, "Tuone."

Nilimfuata Mama nyuma ya nyumba, alikokuwa akianika nepi.

"Kikombe ile haitafika mu kinywa yake," alisema bila kunigeukia. "Hata banirudishe kwetu, nitarudi naye mu mukono."

"Umwambie Tantine ni uongo. Umwambie Nkambo alikuwa anakunywa maziwa."

"Sijui kama alikuwa anakunywa."

"Unajua! Mulikaa nyumba moja!"

Hapo ndipo alipogeuka akanieleza jambo ambalo kwetu kila mwanamke aliyeolewa analijua. Mkwe hali mbele ya baba wa mume wake, wala hamtazami akila. Miaka yote ile, kabla hatujahamia Ruashi na mimi sijaanza kukumbuka mambo, Mama alikuwa ameweka chakula cha Nkambo mezani, akatoka kinyumenyume, akarudi kuchukua sahani tupu. Hakuwahi kuona kilichoingia kinywani mwake, na hata angekuwa ameona, haikuwa halali yake kusimama mbele ya wifi yake na kusema baba yao alipenda nini. Angesema, wangemsikia mkwe asiye na heshima. La maziwa wasingelisikia.

"Weye unaweza," alisema. "Weye ni mujukuu. Weye ni muke wake. Unaweza kuuliza yote."

Hilo nalo ni la kwetu: mjukuu wa kike ni mke wa babu yake kwa utani, na mke wa rafiki zake pia, na kati yao hakuna neno la aibu. Jumamosi Mama alinichukua mpaka Kamalondo, mtaa mwingine wa mji ule ule, kwa mzee Asumani, mtu wa asili ya Maniema aliyefanya kazi na Nkambo kwenye karakana ile tangu ujana wao. Mama alimsalimia kwa mbali, akaomba ungo wa maharagi uliokuwa pale, akakaa akitazama ukuta na kuanza kuyachagua, kana kwamba tulikuwa tumekuja kwa kazi hiyo.

Mzee Asumani alikuwa na kofia nyeupe, na kinywa kisicho na meno ya mbele.

"Muke yangu!" alisema. "Bwana yako Ilunga amekufa, sasa umekuja nikuoe?"

"Hapana, Nkambo. Hauna meno."

"Meno ni ya kula nayo, haiko ya kuoa nayo! Kaa. Unataka nini?"

"Nkambo Ilunga alikuwa anakunywa maziwa?"

Alicheka mpaka akashika kofia. "Ilunga? Ilunga alikuwa paka! Saa ya chai ku karakana, yee njo wa kwanza. Maziwa ya boîte, ya kopo, ile nzito. Na boîte tupu alikuwa analeta kutoka kwake, anatiya maji ya moto, anatikisa, anakunywa. Tulikuwa tunamuchekelea. 'Muluba, utakula mpaka bati yake?'"

"Juu ya nini Tantine Rejina anasema ku nyumba alikuwa anakatala?"

Kicheko kilimtoka usoni taratibu. Alitazama upande wa Mama, kisha akaniinamia, ingawa hakushusha sauti.

"Ku nyumba ilikuwa ya posho," alisema, akimaanisha chakula ambacho kampuni iliwagawia wafanyakazi. "Ilikuwa kidogo, na batoto balikuwa mingi. Nilimuuliza hata miye: Ilunga, juu ya nini unajinyima? Akaniambia: 'Nikionja, Rejina ataona naipenda. Ule mutoto ananipenda mubaya, ataniachia yake.' Njo akasema haipendi. Akasema vile mpaka bakakomea."

Nyuma yangu sauti ya maharagi ilikoma. Kisha ikaendelea.

Kwa akili yangu ya leo ninajua kwamba ushahidi wa mzee Asumani haukuthibitisha chochote kuhusu kazeini. Nkambo angeweza kuyapenda maziwa au kuyachukia, na mwili wa mdogo wangu ungevimba vile vile. Nimewahi kujiuliza kama tulishinda kwa hoja ya bure. Lakini hoja sahihi ilikuwa imeshatolewa na daktari, na haikukizuia kikombe. Kilichokuwa kinakipa nguvu ni kumbukumbu ya msichana mdogo mezani, anayemwona baba yake akisukuma kopo. Mtu alipaswa kuingia kwenye kumbukumbu ile na kuisahihisha. Kama Nkambo aliyapenda maziwa, basi si yeye aliyekuwa akiyakataa, bali mwili wa mtoto, na kubadilisha jina kusingeuponya.

Siku ya Mungu, baada ya misa, viti vilipangwa uani. Wadogo zake Papa walikuwepo na wake zao. Tantine Rejina alikaa katikati, mtoto magotini, kikombe cha maziwa kikiwa juu ya tofali pembeni mwa mguu wake. Mama alisimama karibu kabisa, mikono wazi, kama mtu anayesubiri kudaka kitu. Papa alianza kusema maneno ya kufungua. Sikumngoja amalize.

"Bwana yangu alikuwa anakunywa maziwa," nilisema.

Baba mdogo mmoja akacheka. "Muke ya mufalme amesema!"

"Alikuwa anakunywa ku karakana. Muzee Asumani alimuona. Alikuwa anamwita paka." Nikasogea mbele. "Ku nyumba alikuwa anakatala juu ilikuwa kidogo. Alisema akionja, Tantine ataona anapenda, na Tantine atamuachia yake."

"Nani alikufundisha kusema ile?" aliuliza Tantine, lakini alikuwa akimtazama Mama.

"Hakuna mutu. Niliuliza miye mwenyewe. Na boîte tupu alikuwa anabeba kutoka ku nyumba, anatiya maji ya moto, anatikisa, anakunywa."

Nilidhani atanikaripia. Badala yake uso wake ulibaki wazi, kama wa mtu aliyeitwa kutoka chumba cha mbali.

"Boîte tupu," alisema. Akamgeukia Papa. "Unazikumbuka? Alikuwa anasema ni za kutiya misumari."

Papa aliitikia kwa kichwa.

"Niliziosha," alisema Tantine. "Siku moja niliziosha vizuri vizuri, na sabuni, juu misumari yake ipate kukaa safi. Akanishukuru."

Mtoto alinyoosha mkono kukifuata kikombe, kwa kuwa alikuwa bado anakumbuka utamu wa sukari, na Mama akapiga hatua. Tantine aliwahi. Alikiinua kikombe juu, mbali na mikono ile midogo, akakipeleka kinywani mwake mwenyewe, akanywa maziwa yote mpaka mwisho, polepole, bila kupumzika, mbele yetu sote. Alipomaliza alijipangusa kwa ncha ya kitenge.

"Jina linabaki," alisema. "Na mutu asiniletee hapa maziwa ya munyama yoyote. Mama Ilunga, munganga alisema ale nini?"

Mama alisema: uji wa soya na unga wa samaki, maharagi yaliyopondwa, na titi lake.

"Leta."

Mama aliingia ndani akatoka na bakuli. Alimlisha pale pale, akiwa amechuchumaa mbele ya magoti ya wifi yake, na sisi sote, wakubwa kwa wadogo, tukautazama mdomo wa mdogo wangu kijiko baada ya kijiko. Haukuvimba. Bakuli lilipokwisha alilipiga kwa kiganja akidai jingine, na Tantine Rejina ndiye aliyempa Mama mtoto, akainuka, akaenda kulijaza.